Kubadilisha fimbo ya anodi kwenye hita ya maji bila kuunguza elementi wala kulowesha nyumba

Wengi wanaonipigia simu hapa Nakuru baada ya kujaribu kazi hii hawakushindwa na fimbo. Walishindwa kutoa maji yote, au walirudisha gasketi kuukuu (pete ya mpira inayozuia maji kuvuja), au waliwasha stima tangi likiwa nusu. Fimbo yenyewe hufunguliwa na kufungwa kwa dakika tano. Kinachokula asubuhi nzima, na kinachoharibu hita, ni maji: namna ya kuyatoa na namna ya kuyarudisha. Kwa hiyo ukiona nimekaa sana kwenye hatua ya 4 na ya 11, usiziruke.

## Fimbo hii inafanya nini

Tangi la hita ni la chuma, na ndani limepakwa enameli kama ile ya vikombe vya bati. Enameli haikosi vitundu vidogo, hasa kwenye maungio na pale elementi, yaani chuma kinachopasha maji moto, inapoingilia. Maji yakikifikia chuma kupitia kitundu, kutu inaanza.

Fimbo ya anodi, ambayo mara nyingi ni ya magnesiamu, imewekwa ili iliwe badala ya tangi. Magnesiamu huachia elektroni zake kwa wepesi kuliko chuma. Mradi imegusana na chuma cha tangi na vyote viwili vimo majini, yenyewe inaliwa na tangi linapona. Ikiisha, zamu ni ya tangi.

Haisafishi maji. Nimewasikia watu wakisema inaondoa floridi ya visima vyetu. Haiondoi, na kuchemsha maji pia hakuondoi.

## Hakikisha hita yako inayo

Ile ya bafuni inayofungwa juu ya kichwa na kuchemsha maji yakipita haina tangi, kwa hiyo haina anodi. Hita ya ukutani yenye tangi, kwa kawaida lita 30 hadi 100, inayo. Hita ya sola yenye tangi la enameli juu ya paa inayo pia. Baadhi ya matangi ya chuma kisichoshika kutu hayana. Kijitabu cha hita kitakuambia. Kama kilipotea, piga picha kibandiko chenye namba ya modeli uipeleke dukani.

Kagua fimbo mara ya kwanza baada ya miezi 12, popote unapoishi. Baada ya hapo maji yako ndiyo yatakayopanga ratiba. Maji ya visima vya Bonde la Ufa hubeba chumvi nyingi zilizoyeyuka, hasa za sodiamu, na maji ya namna hiyo hupitisha umeme vizuri, kwa hiyo fimbo huliwa haraka. Mwenye kisima Nakuru au Njoro akague kila mwaka. Maji ya Ziwa Victoria yana madini machache zaidi. Aliye Kisumu na anayetumia maji ya mfereji, akikuta fimbo imeliwa robo tu, anaweza kusubiri miaka 2 kabla ya kufungua tena. Mashine ya kulainisha maji kwa chumvi nayo huharakisha ulaji, na kuweka thamostati (kifaa kinachopanga joto la maji) juu sana pia.

Kuna hali moja ambapo fimbo mpya haitakusaidia. Kama maji yanadondoka kutoka kwenye mwili wa tangi, si kwenye maungio ya mabomba wala kwenye gasketi, chuma kimeshatoboka. Weka fedha zako kwenye hita mpya.

## Vifaa, vyote viwe mkononi kabla hujafunga maji

- Fimbo mpya ya anodi yenye uzi, unene na urefu kama wa ile ya zamani
- Gasketi mpya ya modeli yako
- Spana au soketi za 8, 10 na 13. Kama fimbo inaingilia juu ya tangi kwa kichwa cha pembe sita, soketi ya 27 yenye mpini mrefu
- Bisibisi bapa na ya nyota
- Multimita
- Mpira wa maji wa mita chache na waya wa kuubana
- Ndoo 2 za lita 20 na beseni
- Siki, brashi ya plastiki na kitambaa kikavu
- Utepe mweupe wa mafundi wa mabomba
- Glavu, miwani na ngazi isiyotikisika
- Simu ya kupiga picha

Gasketi imemponza zaidi ya mtu mmoja. Ile ya zamani imeshinikizwa kwa miaka na kupikwa kila siku, nayo imechukua umbo la pale ilipokaa. Ukiirudisha itashika leo, kesho asubuhi ukute dari ya jirani wa chini imelowa. Inunue pamoja na fimbo, hata kama muuzaji anakwambia ya zamani bado iko sawa.

Kuhusu fimbo, uzi ndio unaosumbua. Hita nyingi za ukutani hutumia fimbo yenye uzi mwembamba wa milimita 5, 6 au 8, unaoingia kwenye flenji ya elementi, yaani sahani ya chuma inayoshika elementi na kuziba tundu la tangi. Muuzaji akikupa ya 6 badala ya 5 haitaingia, na ya 5 kwenye tundu la 6 itacheza bila kushika. Kama dukani hawana modeli yako, fungua kwanza, nenda na fimbo kuukuu mkononi, kisha rudi. Siku hiyo mtaoga kwa karai.

Yenye urefu kidogo kupita kiasi inaweza kukatwa kwa msumeno wa chuma upande usio na uzi. Isiguse elementi wala ukuta wa tangi.

Magnesiamu au alumini? Mimi huanza na magnesiamu, kwa maji ya ziwa na ya kisima pia, isipokuwa kijitabu cha hita kinasema vingine. Hali inayonifanya nibadilishe ni maji moto kunuka yai viza wakati maji baridi hayanuki. Harufu hiyo huletwa na bakteria wanaotumia salfeti iliyomo majini, na fimbo ya magnesiamu huwasaidia. Hapo fimbo ya alumini iliyochanganywa na zinki ndiyo dawa.

## Hatua ya 1: Zima stima, kisha uthibitishe

Zima swichi ya hita ukutani, halafu nenda kwenye kisanduku cha stima uzime na swichi yake ya huko. Swichi ya ukutani iliyofungwa vibaya inaweza kukata waya mmoja tu na kuuacha ule wenye stima. Bandika karatasi kwenye kisanduku: USIWASHE. Waambie na watu wa nyumbani.

Stima ikipotea mtaani usihesabu kwamba hita imezimwa. Inaweza kurudi vidole vyako vikiwa kwenye nyaya.

Ondoa kifuniko cha plastiki cha hita na upime. Testa ya bisibisi yenye taa ndogo hudanganya, kwa sababu huwaka kwa kupitisha umeme kidogo mwilini mwako. Ukiwa umevaa viatu vya mpira juu ya ngazi ya mbao inaweza isiwake kabisa. Tumia multimita. Ijaribu kwanza kwenye soketi yenye stima, isome karibu volti 240. Kisha pima kati ya nyaya mbili za hita, na kati ya kila mmoja na waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano. Halafu rudi tena kwenye soketi ile ile, uhakikishe kifaa bado ni kizima.

Umefaulu ikiwa: hita imesoma 0 kila mahali, na soketi imesoma karibu 240 kabla na baada. Kama huna multimita au hujui kuisoma, ishia hapa umwite fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

## Hatua ya 2: Poza maji

Fungua mfereji wa maji moto uache maji yatoke hadi yawe vuguvugu tu, huku maji baridi yakiingia nyuma yake. Maji ya nyuzi 60 au 70 yakimwagika mkononi yanababua ngozi kwa sekunde chache.

Kuna jambo hapa ambalo watu wanaosafiri kwenda mashambani wakati wa Krismasi hawaambiwi. Fimbo inapoliwa, gesi ya hidrojeni hutokea kidogo kidogo. Hita ikikaa wiki mbili au zaidi bila maji kutumika, gesi hiyo hukusanyika juu ya tangi. Ukifungua mfereji utasikia ukikohoa na kupuliza hewa. Fungua madirisha, uache maji yatoke dakika kadhaa, na pasiwe na sigara, jiko wala mshumaa karibu.

## Hatua ya 3: Funga maji baridi

Tafuta valvu kwenye bomba la maji baridi linaloingia kwenye hita, uifunge. Kama haipo, funga ile inayotoka kwenye tangi la juu ya nyumba. Valvu za zamani hukwama au hufunga nusu, kwa hiyo usiiamini mpaka uione kazi yake: mfereji wa maji moto ukiwa wazi, mtiririko unapaswa kufa ndani ya dakika moja au mbili. Ukiendelea hata kwa uzi mwembamba, valvu inapitisha. Irekebishe kwanza, la sivyo utafungua flenji chini ya maji yasiyokoma.

Na kama mtaa wenu unapata maji kwa zamu, hakikisha tangi la juu limejaa kabla ya kuanza. Usitoe lita 80 siku ambayo huna za kuzirudisha.

## Hatua ya 4: Toa maji yote

Hapa ndipo simu nyingi hutoka. "Fundi, nimefungua chini, yametoka kidogo yakasimama. Nadhani tangi limeisha." Halijaisha. Amefungua flenji, na lita 70 zimemshukia kifuani.

Chukua mtungi wa lita 20 uliojaa, uugeuze mdomo chini. Maji hutoka kwa kugugumia, kwa sababu hewa inagombea njia ile ile. Hita haina hata nafasi ya kugugumia: bila tundu la kuingizia hewa juu, maji yanasimama ndani. Katika hita ya ukutani, njia ya hewa ni bomba la maji moto, maana ndani ya tangi bomba hilo hupanda hadi karibu na kilele.

Fanya hivi:

Kwanza, funga mpira wa maji kwenye mdomo wa valvu ya usalama, ile ndogo yenye kishikio iliyo kwenye bomba la maji baridi chini ya hita, na uubane kwa waya. Ncha ya pili iingie kwenye ndoo au kwenye mtaro wa bafu, chini ya kiwango cha hita.

Pili, fungua mifereji yote ya maji moto iliyo karibu.

Tatu, inua kishikio cha valvu ya usalama. Maji yataanza kutoka kwenye mpira.

Nne, na hii ndiyo watu huiacha, fungua nati inayounganisha bomba la maji moto na hita, ulisogeze bomba pembeni. Weka beseni chini, maana kidogo kitamwagika. Mara hiyo utasikia hita ikivuta pumzi, na mtiririko kwenye mpira utaongezeka. Mfereji pekee wakati mwingine hautoshi, kwa kuwa maji hubaki yamesimama ndani ya bomba na kuizuia hewa.

Valvu ya usalama ina njia nyembamba. Tangi la lita 80 linaweza kuchukua karibu saa nzima. Ukiwa na haraka, fungua pia nati ya bomba la maji baridi chini ya tangi, lakini uwe na ndoo mbili na mtu wa kukupokea.

Umefaulu ikiwa: umehesabu ndoo. Tangi la lita 80 lijaze karibu ndoo 4 za lita 20, la lita 50 ndoo 2 na nusu. Ukipata ndoo 1 kisha kimya, maji bado yamo. Lita 2 au 3 zitabaki chini na tope lake, hizo zitashuka na flenji.

## Hatua ya 5: Piga picha, kisha chomoa nyaya

Piga picha tatu au nne za nyaya, kwa karibu na kwa mbali, rangi zionekane. Chomoa nyaya kwenye thamostati na elementi, ufungue na waya wa ardhi. Thamostati nyingi huvutwa tu zikatoka, maana vijiti vyake vimechomekwa kwenye mrija mwembamba. Ivute taratibu, bila kuipindapinda.

## Hatua ya 6: Toa flenji

Weka beseni chini, vaa miwani na glavu. Kuna flenji za aina mbili.

Yenye nati nyingi, kwa kawaida 5 au 6 kuzunguka: legeza kila moja kidogo kidogo, usimalize moja kwanza. Flenji ikianza kuachia, maji ya chini yatamwagika. Subiri yaishe kabla ya kutoa nati ya mwisho.

Yenye nati moja katikati na kipande cha chuma kilichokaa kama daraja: hii ina umbo la yai na imekaa ndani ya tangi, si nje. Toa nati na daraja, isukume flenji juu, izungushe, uilaze ubavu ndipo itoke. Wengi huivuta kwa nguvu kwenda chini wakipinda elementi. Haivutiki, imefanywa hivyo ili shinikizo la maji liibane.

Shusha yote pamoja, wima: elementi, mrija wa thamostati na fimbo. Usishangae ukiona tope la rangi ya kahawa na vipande vyeupe.

## Hatua ya 7: Isome fimbo kuukuu

Usiitupe kabla ya kuitazama. Inaeleza maji yako kuliko mtu yeyote.

Ikiwa imebaki waya wa chuma peke yake, au waya wa katikati unaonekana sehemu kubwa, umechelewa. Badilisha, na safari ijayo kagua kwa nusu ya muda uliopita. Ikiwa imechimbika mabonde mabonde na unene umepungua chini ya nusu, umefika wakati wake sawasawa.

Ikiwa bado nene lakini imevaa ukoko mgumu mweupe, ukoko huo unaizuia kufanya kazi. Ukwangue kwa kisu butu. Chini yake ukikuta chuma kizima kinachong'aa, inaweza kurudi. Mimi hupendelea kuibadilisha hata hivyo, kwa kuwa gharama kubwa ya kazi hii ni kufungua, na bei ya fimbo ni ndogo mbele ya bei ya tangi.

Hali ya nne ndiyo inayonipa wasiwasi: miaka 2 imepita na fimbo iko kama ilivyotoka dukani. Mwenye nyumba hufurahi, lakini kwa kawaida maana yake ni kwamba haikuwa ikigusana na chuma cha tangi, au ilifungwa na karatasi yake ya plastiki. Tangi limekuwa bila ulinzi muda wote huo. Mulika ndani kwa tochi utafute mabaka ya kutu.

Kabla ya kuifungua, tazama inavyoshikana na flenji. Baadhi ya hita huitenga fimbo kwa washa za plastiki na kuiunganisha kwa waya wake. Ukikuta hivyo, piga picha na urudishe kila kipande mahali pake.

Kisha izungushe kinyume cha saa. Ikikataa, ishike karibu kabisa na uzi kwa koleo, flenji ikiwa imeshikwa imara na mtu mwingine. Uzi ukikatikia ndani, usipoteze siku nzima ukiutoboa: nunua flenji nzima na elementi yake.

## Hatua ya 8: Safisha

Ingiza mkono wenye glavu ndani ya tangi, utoe tope na vipande. Fungua valvu ya maji baridi kidogo kwa sekunde chache, maji yasukume uchafu uliobaki hadi kwenye beseni, kisha ifunge. Usikwangue enameli kwa chuma. Kila mchubuko ni kitundu kipya ambacho fimbo italazimika kukilinda.

Elementi yenye ukoko ilaze kwenye siki kwa nusu saa, sehemu ya nyaya ikiwa juu na kavu, kisha isugue kwa brashi ya plastiki. Siki isiguse fimbo mpya, maana asidi huila magnesiamu.

Futa mdomo wa tangi pale gasketi inapokaa mpaka kitambaa kitoke safi. Chembe moja ya ukoko hapo inatosha kudondosha maji usiku kucha.

## Hatua ya 9: Funga fimbo mpya

Ondoa karatasi au plastiki yoyote iliyofungiwa. Usiipake rangi, mafuta wala grisi.

Fimbo ndogo inayoingia kwenye flenji haihitaji utepe mweupe hata kidogo. Uzi wake uko ndani ya tangi, hauzuii maji popote. Ukiuviringishia utepe unaitenga na chuma, na umeshajua fimbo iliyotengwa inafanya nini: hakuna. Ikaze kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa koleo.

Ile yenye kichwa cha pembe sita inayopenya ukuta wa tangi ni kisa tofauti, kwa sababu uzi wake ndio unaozuia maji. Hiyo ipe mizunguko 3 ya utepe, si zaidi, ili nyuzi za chuma ziukate na kugusana.

Pima kwa multimita upande wa omu: ncha moja kwenye fimbo, ya pili kwenye chuma cha flenji, na kwa ile ya pembe sita kwenye chuma cha tangi. Kwa fimbo iliyofungwa moja kwa moja isome chini ya omu 1. Hapo ndipo unajua kazi itafanyika.

## Hatua ya 10: Rudisha flenji

Vaa gasketi mpya ikiwa kavu, bila gundi. Ingiza flenji wima, fimbo isiguse elementi. Kaza nati kwa mkono zote, kisha kwa spana kwa msalaba kama za gurudumu la gari, kidogo kidogo kwa raundi mbili au tatu. Gasketi ikianza kutokeza pembeni umezidisha.

Rudisha mabomba ya maji moto na baridi. Nyaya bado. Kifuniko bado.

## Hatua ya 11: Jaza maji kabla ya kufikiria stima

Elementi huishi kwa sababu maji yanabeba moto wake. Ikiwaka hewani inaungua kwa muda mfupi sana, wakati mwingine kabla hujashuka kwenye ngazi. Hita yenye tangi nusu ni hatari vile vile.

Acha mfereji wa maji moto wazi. Fungua valvu ya maji baridi robo tu, usikilize. Hewa itatoka kwenye mfereji kwa kupuliza, kisha kwa kukohoa na maji machafu machafu, kisha maji matupu. Bado usifunge. Yaache yatoke dakika 3 zaidi bila kukohoa hata mara moja. Kama unategemea tangi la juu ya paa, shinikizo ni dogo, kwa hiyo kujaa kunaweza kuchukua dakika 20 au zaidi. Wanaokosea hapa huona maji ya kwanza kwenye mfereji, wakadhani basi.

Funga mfereji, fungua valvu hadi mwisho. Pangusa flenji ikauke, zungushia karatasi ya chooni, ungoje dakika 15.

Umefaulu ikiwa: mfereji hautoi hewa, karatasi ni kavu kote, na ukiinua kishikio cha valvu ya usalama maji yanaruka na kusimama ukiachia. Karatasi ikilowa, kaza nati za upande huo robo mzunguko. Ikiendelea kulowa, toa maji tena: kuna uchafu chini ya gasketi.

## Hatua ya 12: Nyaya, kifuniko, stima

Rudisha thamostati na nyaya kwa kufuata picha, waya wa ardhi kwanza. Usiwashe hita ambayo waya huo haujafungwa. Weka thamostati karibu na nyuzi 60. Funga kifuniko, toa karatasi ya USIWASHE, washa kisanduku, kisha swichi ya ukutani.

Maji yanapopata moto, valvu ya usalama itadondosha kidogo. Usiizibe. Lita 80 za maji zikitoka nyuzi 20 kwenda 60 huongezeka kwa lita 1 na zaidi kidogo, na mahali pa kutokea ni hapo. Nimewahi kukuta moja imepigiwa kizibo na mtu aliyechoshwa na matone, na watoto walikuwa wanaoga chini ya tangi hilo kila jioni. Shinikizo lisilo na njia hupasua tangi. Wekea mpira mdogo uelekeze matone kwenye mtaro.

## Kama hita yako ni ya sola

Mambo ni yale yale, ila fimbo huwa chini ya kifuniko cha ubavuni mwa tangi, na saa ya kazi hubadilika. Anza alfajiri, na funika paneli kwa turubai kabla jua halijapanda. Kwenye sola za mirija ya vioo usirudishe maji baridi mirija ikiwa imepata jua, maana vioo hupasuka. Ngoja hadi jioni au asubuhi inayofuata. Na kama mfumo wako una kimiminika kingine kinachozunguka kwenye paneli, usiguse maungio yake. Unachofungua ni upande wa maji ya kuoga tu.

Usipande mabati yenye umande peke yako.

## Saa 24 zinazofuata

Kesho yake zima stima tena pale pale pawili, fungua kifuniko, upapase gasketi kwa karatasi kavu. Baada ya kupata moto na kupoa mara moja, gasketi mpya hukaa na nati hulegea kidogo. Zikaze kidogo sana.

Maji yakiwa na weupe kama maziwa siku ya kwanza, yaweke kwenye glasi: weupe ukipotea kuanzia chini kwenda juu ni hewa, na itaisha. Maji ya kahawia yasiyoisha baada ya siku mbili au tatu yanatoka kwenye kutu ya tangi au ya mabomba. Fungua mfereji wa maji baridi ulinganishe ujue ni lipi.

Kisha chukua kalamu ya wino usiofutika, uandike ndani ya kifuniko cha hita: tarehe, uzi wa fimbo, urefu wake, na ile kuukuu ilikuwa imebaki kiasi gani. Atakayefungua mara ya pili, awe wewe au fundi mwingine, ataenda dukani akijua cha kununua kabla hajatoa tone la maji.